Rangi ya Boya Haijakauka

Jumapili, 9 Februari 1992

Rafiki yangu Cyriaque na mkewe Gahongayire wametoka kwao Kagarama kwa taksi mpaka hapa kwetu Biryogo. Aliposhuka alikuwa ameshika bega la mkewe. Daktari wa macho amemwambia ukweli: la kushoto limekwisha, la kulia linafuata, labda wiki chache. Ni presha ya ndani ya jicho. Inaubana mshipa unaopeleka mwanga kichwani, na ukishakufa haufufuki. Nilimwuliza anaonaje. Kama mtu anayechungulia kwenye bomba, akasema.

Mke wangu Swafiya alianza kulia. Cyriaque akamwambia, "Shemeji, nyamaza. Sura yako nimeshaihifadhi, tena ile ya zamani." Swafiya akacheka huku analia.

Anataka kitu kimoja tu. Akae tena ukingoni mwa mto Nyabarongo, aone boya la ndoana likizama. Mara moja, basi. Nimemwahidi Jumamosi.

Jumatano, 12 Februari

Nimetoa vifaa vya kuvulia samaki. Tangu tulipokuwa vijana vinakaa kwangu, kwa sababu ya Gahongayire. Kwao ni watu wa ng'ombe. Nyumba yenye vyombo vya maziwa haiingizi samaki, hata harufu yake, maziwa yasije yakaharibika. Kwa hiyo Swafiya hupika, Cyriaque hula hapa, kisha hunawa kwa limau mpaka kwenye viwiko. Akifika kwake, mkewe humnusa mlangoni kama ofisa wa forodha.

Mwanzi ni mzima. Mshipi nimeubadilisha. Tatizo ni boya. Letu ni mwiba wa nungunungu mtupu, mwembamba — kwa macho ya Cyriaque, halipo. Namtengenezea jipya: kizibo cha chupa kilichotobolewa katikati, mwiba unapita humo, ncha inapakwa rangi nyekundu. Kizibo amekileta mwenyewe, cha divai ya misa, amepewa na padri. Swafiya kaniangalia nikichonga. "Baba Shami, Ramadhani iko mlangoni na wewe unakumbatia divai."

Nijikumbushe. Boya kubwa hudai uzito mwingi. Usipoliwekea chubwi za kutosha, linalala ubavu. Ukizidisha, linazama lenyewe. Linapimwa kwenye beseni, chubwi moja moja, mpaka libaki na ncha tu juu ya maji. Samaki akihisi uzito, anatema chambo. Kazi yote ni hiyo, na haitaki haraka.

Jumamosi, 15 Februari

Hatukuenda.

Nilimkuta Cyriaque nje kwake, amevaa mabuti ya mpira, amekaa hivyo tangu kupambazuka. Lakini dereva aliyetoka darajani alisema mto umejaa, maji ni kama chai ya maziwa. Nikamweleza Cyriaque: kwenye maji ya tope perege haoni chambo, tutakaa bure.

"Basi mimi na yeye tutakuwa vipofu wawili," akasema. "Tutaelewana."

Tulicheka. Lakini nilikataa. Wiki ijayo maji yatatulia, nikamwambia. Gahongayire alimvua mabuti kama anavyovuliwa mtoto.

Ijumaa, 21 Februari

Rangi ya kwanza ilikuwa na mapovu. Nimeikwangua yote, nikapaka upya jioni hii. Boya sasa linasimama vizuri, ila ncha ni lazima ing'ae, la sivyo kazi yote haina maana. Rangi ya mafuta inataka siku mbili.

Jumamosi, 22 Februari

Asubuhi Nsabimana, mpwa wa Cyriaque, alisimamisha kamiyoneti yake mlangoni. Anapeleka matofali Gahanga, karibu na mto. Cyriaque amekaa mbele, mabuti miguuni.

"Mwalimu, maji iko safi. Nimeiona jana kwa macho yangu. Panda twende."

Nikawaonyesha boya linaning'inia kwenye kamba ya nguo. Rangi haijakauka. Ikilowa leo itababuka, na mimi nitakuwa nimeharibu kazi ya siku kumi. Cyriaque alinyoosha mkono, akaligusa. Kidole kikatoka chekundu. Alikileta karibu na jicho la kulia, akakitazama muda mrefu.

"Na lile la zamani liko wapi?"

Nikasema lipo, lakini hutaliona.

"Nitashika mwanzi. Nikiona mwanzi umepinda, inanitosha."

Hapo nikaanza kueleza. Kwamba mwanzi ukipinda samaki ameshakula. Kwamba aliniomba boya, si mwanzi. Kwamba ameahidiwa kitu kizuri na atapata kitu kizuri. Nilieleza vizuri sana. Nsabimana alikuwa anaangalia saa, matofali yanasubiriwa. Cyriaque alijifuta kidole kwenye suruali.

"Sawa, Mwalimu. Wewe ndiye unajua."

Jumapili, 23 Februari

Rangi imekauka. Imekauka tangu mchana, kabla ya muda niliosema. Nsabimana anasema jana watu walitoka mtoni na ndoo zimejaa.

Jumatano, 26 Februari

Mvua tangu Jumatatu. Mto umepanda juu ya mafunjo, hakuna pa kukaa. Tumekubaliana Jumamosi ya tarehe 7, mvua inyeshe isinyeshe. Nimempelekea habari kwamba lile la zamani pia nitalibeba.

Alhamisi, 5 Machi

Mambo mabaya Bugesera, ng'ambo ya mto. Nyumba zinachomwa, watu wanakimbia. Nsabimana amerudishwa kabla ya kulifikia daraja. Alichokiona njiani alikataa kukisema mbele ya Swafiya. Aliniambia nje. Sitakiandika.

Swafiya amesema tu kwamba hatapika tena samaki wa mto ule.

Siku kama hii ni aibu kufikiria boya. Nimelifikiria.

Jumamosi, 14 Machi

Wamekuja saa kumi, sisi tukiwa na saumu. Cyriaque alipita mlangoni akipapasa ukuta. La kulia limeondoka Jumanne, akasema, kama anayesema mgeni ameondoka. Njia ya mto bado hakuna anayeipita. Alitaka kulishika boya.

Alilipapasa lote. "Laini," akasema. "Umelifanyia kazi."

Nikajaza beseni kubwa uani, nikafunga kila kitu kama inavyotakiwa, boya, chubwi, ndoana bila chambo, nikampa mwanzi. Nilikuwa najifanyia mimi, nadhani.

"Limesimama?"

"Limesimama wima."

"Ncha iko juu?"

"Iko juu. Nyekundu."

Akatulia na mwanzi wake, uso ameuelekeza ukutani. Gahongayire alikuwa amekaa mbali, pale anapokaa siku zote vifaa hivi vikitolewa. Mara akainuka. Akakunja mkono wa gauni, akauingiza kwenye beseni, akauvuta mshipi chini. Boya likazama lote. Cyriaque akainua mwanzi.

"Amekwenda," akasema. "Nimechelewa." Kisha akageuza kichwa. "Nimesikia bangili. Samaki gani wa kuvaa bangili?"

"Nyamaza," Gahongayire akamwambia. "Utawafukuza wengine."

Swafiya alimletea Gahongayire limau lililokatwa. Aliliweka kando ya beseni, hakunawa. Mkono ukarudi majini.

Nimeingia ndani, nimesema nakwenda kutawadha. Naandika badala yake. Nasikia maji yakimwagika, nasikia Swafiya anacheka kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi. Vuta polepole, Cyriaque anamwambia mkewe, perege hana fujo hivyo.

Sasa ananiita mimi. Anasema boya hili ni zito, samaki analihisi. Anauliza lile la zamani liko wapi.