Majani Uliyotukataza Kufagia

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulipotutoka, na bado tukipita chini ya mfenesi tunapunguza mwendo, kama vile umepiga magoti hapo.

Mzee Cosmas Beda, ulistaafu kazi ya bustani kule misheni milimani, ukarudi Zombo na mche mmoja kwenye kopo: rododendroni, ua la baridi, majani yake hayapukutiki mwaka mzima. Watu walikucheka, kupanda ua la baridi kwenye joto hili. Ukaupa kivuli cha mfenesi, ukaurundikia majani makavu shinani, ukaunywesha maji ya mvua tu. Sisi tulioga ya kisima, yenye chumvi.

Mama Filomena alikataa hata kulitaja jina la ua hilo. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alikutania. "Huyu wako mwaka wa sita anakaa kivulini, hajatoa hata ua moja." Ulicheka tu. Hukuwahi kumgombeza mtu wala mche.

Siku ya kuanua tanga tulifagia uwanja ukang'aa, na shinani tukamwaga majivu ya jikoni kuzuia mchwa, kama tunavyofanya kwa kila mti. Miezi miwili baadaye mche ukawa manjano. Mama ndiye aliyekumbuka maneno yako: "Mizizi yake iko juu juu. Ukifagia umemvua nguo. Na majivu hayataki kabisa."

Alilia kuliko siku ya mazishi, maana aliona anakuzika mara ya pili. Akayazoa majivu kwa viganja vyake, akarudisha majani, na tangu hapo pipa zima la maji ya mvua likawa la mgeni.

Jumanne iliyopita alituita uani kwa sauti ndogo. Mafungu ya maua ya zambarau, makubwa kama ngumi, yalikuwa yamejaa kivulini. Hatukujua kama uwanja wetu unaweza kubeba uzuri wa namna ile. Jirani Mwinshehe, aliyekucheka kuliko wote, alivua kofia. Inatuuma kwamba wewe hukuyaona.

Mama akasema, "Baba Aneth, mgeni kashika jembe."

Unakumbukwa na mkeo Filomena, wanao Aneth na Emanueli, mjukuu wako Doto, na majirani wote wa Zombo. Misa ya kukuombea ni Jumapili asubuhi, kigangoni. Watakaofika nyumbani baadaye, tunawaomba wasitusaidie kufagia.

Tutakukumbuka daima, Baba, kila jani linapodondoka.