Tausi Hatoki na Mtu Mwingine

4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Mimi mwili haujambo, ila nimenuna, na sababu unaijua.

Mama Mkurugenzi alipotuambia shirika limemwita mkaguzi wa usalama wa moto, nilitegemea mzee mwenye kitambi atakayeangalia mitungi ya kuzimia moto, anywe chai, aende zake. Kumbe ni wewe. Umeingia kwenye banda langu la farasi na kofia yako ngumu, ukapapasa nyaya, ukapanda darini ninakoweka nyasi kavu, ukaguna. Wote wakakufuata kama vifaranga. Nimewatunza farasi hawa wanaobeba watoto wasioweza kutembea tangu shirika lianze, na hakuna aliyewahi kunifuata nyuma hata mara moja. Jioni Mama Mkurugenzi ananiambia, "Kumbe kwenu kuna mtu mwenye akili hivi." Nikacheka kwa meno tu.

Nyasi nitazihamisha. Makufuli nitayatoa, niweke komeo. Lakini uliposema kila mfanyakazi ajue kumtoa kila farasi, hapo umenigusa pabaya. Farasi wangu Tausi nilimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Hatoki na mtu mwingine. Ukiita wivu, sawa, ni wivu.

Kaka yako

13 Februari

Kaka yangu mnunaji,

Shikamoo. Huku wote wazima, isipokuwa mtoto wa mwisho ana mafua. Mama naye kifua kimeachia, anakusalimu.

Siku ile ulinikwepa ukajitia unasafisha kwato. Ukwato uleule, tangu nilipofika mpaka nilipoondoka. Farasi mwenyewe alishakuchoka.

Sasa nisikilize. Farasi huuawa na moshi kabla moto haujamfikia. Wewe kila mwisho wa mwezi unakwenda kwa mama. Banda likishika moto uko kule, nani atamtoa Tausi? Atakufa hajamfuata mtu mwingine. Hiyo ndiyo sifa unayoitaka?

Na usijione una wivu peke yako. Sebuleni kwa mama kuna picha yako juu ya farasi, kubwa kama dirisha. Cheti changu kiko kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani. Kila nikienda natamani kuigeuzia ukutani hiyo picha yako.

Fanyeni zoezi. Mtu mwingine amtoe Tausi, na wewe ukae mbali.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwenu, na pole kwa mafua ya mtoto. Mimi leo sina kinyongo na mtu, na utajua kwa nini.

Nyasi ziko kwenye kibanda cha mbali. Nyaya zimebadilishwa. Hatamu zimetundikwa kwenye kila mlango. Mama Mkurugenzi akamchagua mpishi wetu amshughulikie Tausi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba huyu bwana amekuwa akimpa karoti kisirisiri. Karoti za jikoni, nikigeuza kisogo tu. Niliposikia hivyo, chakula chake sikukila siku hiyo.

Siku ya zoezi king'ora kikalia. Mpishi akaingia, akamvisha Tausi hatamu, akatoka naye mpaka katikati ya uwanja, anatembea kama bwana harusi. Watu wakapiga makofi. Mimi nimesimama pembeni kama ulivyoagiza. Basi nikapiga mluzi, ule ninaoupiga kila jioni kumrudisha chumbani kwake kula. Tausi aligeuka hapo hapo, akamburuta mpishi mpaka aproni ikamfunika uso, akarudi bandani, akasimama chumbani mwake ananingoja. Watu walicheka mpaka machozi. Mpishi hakucheka.

Nililala usingizi mtamu.

Kaka yako

6 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, na salamu zinaishia hapo, kwa sababu sijacheka.

Farasi akishikwa na hofu hukimbilia chumbani kwake, maana ndiko anakojua kuna chakula na usalama. Anaweza kutolewa salama kabisa, kisha akageuka akarudi ndani ya moto. Kazini kwetu tunawafundisha watu wafunge mlango nyuma yake asirudi. Wewe umesimama mbele ya wafanyakazi wote ukamwita arudi, ili mpishi aonekane mjinga.

Umemwonyesha kwamba kukupenda ni kuingia ndani. Ondoka hapo wiki nzima, mwache mpishi amtoe na kumrudisha. Na huo mluzi uache. Usiponijibu kwamba umefanya hivyo, usiniandikie.

Mdogo wako

17 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, na ndilo ninalouliza. Mama Mkurugenzi ameniambia banda limeungua, kisha laini ikakatika. Simu yako haipatikani. Nilisema usiniandikie. Naomba uandike, hata mstari mmoja.

Mdogo wako

25 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Niko mzima, na watu wote wazima, na farasi wote. Usilie tena. Mama ameniambia umelia.

Ile wiki uliyoniagiza niondoke sikuimaliza. Nilikaa siku mbili kwa mama, nikarudi, roho haikunipa. Lakini mluzi niliuacha, na mpishi nilimwachia Tausi, huku nachungulia nyuma ya ukuta kama mume asiyemwamini mkewe.

Jirani alichoma takataka mchana wa upepo, cheche zikaangukia paa. Mimi nilikuwa ng'ambo ya uwanja, nimemshika mtoto juu ya tandiko la farasi mwingine, mtoto asiyeweza kukaa bila kushikwa. Sikuweza kumwacha. Nikaona wenzangu wanatoa farasi mmoja mmoja. Mwisho mpishi akatokea na Tausi. Mlangoni Tausi akagoma. Akainua kichwa, akawa anatafuta. Alikuwa ananitafuta mimi.

Mtoto akaniambia, "Mwite, anakusikia wewe." Na midomo yangu ilikuwa tayari imeshajikunja. Ningepiga mluzi tu, angegeuka aingie ndani. Nikaing'ata ngumi mpaka ikatoka damu. Mpishi akavua aproni, akamfunika macho, akamsemesha maneno ambayo sikuyasikia, na Tausi akamfuata. Mtu akafunga mlango nyuma yao. Paa lilianguka hawajafika mbali.

Nilimwona anaondoka na mtu mwingine. Nilishukuru Mungu na roho ikaniuma kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Sasa wanalala kwenye uzio wa muda karibu na jiko. Asubuhi Tausi huangalia mlango wa jiko kwanza, halafu ndipo huniangalia mimi. Jana mpishi alitaka kumpeleka kunywa maji, akasimama na hatamu mkononi, ananitazama, anangoja niseme neno. Nikawafungulia geti wakapita.

Kaka yako