Kinanda cha Kilio kwa Babu

Tahina,

Wali uko sufuriani, maharage nimeyafunika. Ukoko usiukwangue, nitauchemshia maji ya kunywa nikirudi.

Ile video ya kumgeuza babu yako, tulipomtoa kaburini kumvisha sanda mpya, iondoe mtandaoni kabla hujala.

Shangazi yako Bakoly alipiga simu alfajiri kutoka Ufaransa, ameiona, analia tu. Baba yako akavaa kofia akatoka bila chai. Najua mtandao ulizima sauti kwa sababu wapiga tarumbeta walipiga wimbo wenye hakimiliki ya kampuni. Hapo huna kosa. Lakini mwanangu, katika muziki wote wa bure ukaokota kinanda cha maombolezo! Sisi tumembeba babu mabegani kwa sanda mpya, tunacheza, tunacheka, na kinanda kinamlilia. Siku ya kumtoa marehemu kaburini halimtoki mtu chozi. Ukilia, unamwambia hukufurahi kumwona. Hata yule mtoto wa binamu yako Voahirana alimeza kilio chake, na ana miaka minne!

~~Usinisemeshe leo.~~ Nisubiri, tutazungumza.

Nakwenda Ambositra kuwaomba wapiga tarumbeta waje Jumapili. Watatupigia uani ule wimbo wa mavuno wa tangu mababu, hauna kampuni. Wewe utaurekodi, halafu uuweke kwenye video badala ya hicho kinanda.

Kuku wafungie.

Mtandao unasema wimbo una mwenyewe. Sawa. Na babu yako pia ana wenyewe.

Mama yako