Mahali Kanda Ilipokatikia

Komredi Baba,

Najua. Ulinionya mara nyingi kwamba salamu hiyo niiache mlangoni pamoja na viatu vyenye tope. "Hapa ndani mimi ni baba yako," ulikuwa ukisema. "Komredi ni yule mnayekimbizwa naye na polisi." Lakini leo nakuita hivyo kwa makusudi, tena mbele ya wenzako wa mapambano: akina mama wanaouza samaki ufukweni Dunga, mafundi wa barabara yetu, vijana wa mabenchi ya nyuma. Walikuwa makomredi wako kabla sijajifunza kulitamka neno hilo. Nimechelewa kulijua, na ndiyo maana naandika.

Nianze na habari za nyumbani. Miezi minane imepita tangu tukuzike, na banda lako la video bado limesimama. Wapo waliomshauri Mama aligeuze ghala la mahindi. Aliwajibu kwamba mahindi hayapigi makofi. Salim, jirani yako fundi cherehani, bado anashona upande wa pili wa ukuta wa mabati, na bado anaimba nyimbo ambazo hajui hata ubeti mmoja kwa ukamilifu. Maikrofoni yako ilikuwa imepasuka shingoni; nimeifunga kwa utepe mweusi wa umeme. Kiti chako cha kando ya skrini hakuna aliyethubutu kukikalia, hadi Jumapili iliyopita.

Baba, wameitengeneza upya ile filamu ya kinu.

Hadithi ni ile ile: vijana sita wanakwenda kulala katika kinu cha ngano kilichoachwa, na mtu aliyejifunika uso kwa gunia anawamaliza mmoja mmoja kwa mundu. Uliitafsiri kwa maikrofoni miaka mingi kiasi kwamba watu wa mtaa wetu hawakumbuki kama wahusika wake waliwahi kuwa Wazungu. Wewe ndiwe uliyempa mwuaji jina la Bwana Meneja. Wewe ndiwe uliyemwita Atieno yule msichana mwenye sweta la kijani, wa mwisho kubaki hai. Wenye mabanda wengine walipohamia kwenye diski, ulibaki na kanda yako na deki yako, ukiipangusa kwa spiriti kama jeraha, kwa ajili ya filamu hiyo pekee.

Nami niliidharau. Unakumbuka, kwa sababu nilihakikisha unasikia. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimechaguliwa kiongozi wa wanafunzi, nimelewa sauti yangu mwenyewe. Nilisimama kwenye ngazi za maktaba nikatangaza kwamba banda la video ni kasumba ya maskini; kwamba watu wetu wananyweshwa damu ya kigeni ili wasiione yao inayomwagika. Nilishangiliwa hadi masikio yakaniziba. Jioni nikaja nyumbani nikairudia hotuba nzima mezani, mbele ya sahani yako ya dagaa wa omena. Hukukasirika. Ulimaliza kutafuna, ukanitazama, ukasema, "Njoo siku moja uketi ndani."

Sikuja.

Kosa langu lote limejengwa juu ya hapo. Mimi, mtoto wa mwenye banda, sikuwahi kuiona filamu ya kinu. Nilipokuwa mdogo Mama alinikataza. Nilipokua nikajikataza mwenyewe, kwa fahari. Nilichokuwa nacho ni ukuta. Nilikaa kwa Salim kati ya vipande vya vitambaa, sikio langu kwenye mabati yenye joto, nikakusikiliza. Nilisikia mayowe. Nilimsikia Mama Risper, yule muuza omena mwenye sauti ya kuita mashua, akimfokea Atieno asiingie ghalani. Kisha, kila mara, palitanda kimya kirefu. Halafu sauti yako ikarudi polepole, na Atieno akatoka. Sikuzote alitoka. Mara alimfungia Bwana Meneja ndani ya kinu, mara alivuka mto. Nilidhani ni kumbukumbu yangu inayochanganya mambo. Banda lote likalipuka kwa shangwe, na Salim akapiga makofi huku sindano iko mdomoni. Nilikua nikiamini kwamba filamu inaishia hapo.

Baada ya mazishi nilijifungia chumbani hosteli nikaitazama ile ya zamani kwenye simu, yote, hadi majina ya mwisho. Nilikuwa nikitafuta mahali ambapo sauti yako ingeingia. Atieno anakufa, Baba. Anafika mlangoni mwa kinu, mwanga unamgusa usoni, na mundu unamkuta pale pale. Basi. Imekwisha.

Nilikaa na simu imezimika mkononi. Hitimisho lilikuwa moja tu: kwamba miaka yote hiyo ulikuwa ukiizima mapema na kuwauzia watu mwisho wa uongo, nao wakakuamini. Nilikushtaki hadharani kwamba unawalisha watu kasumba. Sasa nilikuwa na ushahidi, na ningetoa chochote nisiwe nao.

Ndipo Mama Risper alipokuja nyumbani, amefunga leso kiunoni kama mtu anayekuja kudai haki yake. "Akoth nyathina, mwanangu, tunasikia filamu ya baba yako imerudi. Mtatuonyesha lini?" Filamu ya baba yako! Ningemjibuje? Niliitafuta hiyo mpya, nikaitazama kwanza peke yangu. Mwisho ni ule ule, ila mundu umekuwa mkubwa zaidi. Nikamwomba Wanjiru, komredi wangu wa chuoni ambaye wazazi wake wana duka Mamboleo, alete projekta, na nikamnong'oneza kwamba tutaizima dakika kumi kabla ya mwisho. Alinikazia macho. "Wewe ndiye ulituambia mtu akianza kuwachagulia wananchi ukweli, ameshakuwa serikali."

Alinikamata kwa maneno yangu mwenyewe. Nikiionyesha yote, mtaa mzima utajua kwamba Baba Akoth aliwadanganya, nawe huna tena mdomo wa kujitetea. Nikiizima, nitakuwa nimefanya kwa mkono wangu kile nilichokusutia. Siku tatu sikulala vizuri. Mwishowe niliamua ionyeshwe yote, kwa sababu sikupata namna ya kuamua vingine na bado nikajiheshimu.

Jumapili, saa tisa alasiri. Mabenchi yalijaa. Akina mama walikaa mbele na beseni zao zikiwa tupu, makomredi wangu wakajipanga nyuma na daftari, wamekuja kuchambua. Nilikaa kwenye kiti chako. Miguu yangu haikufika vizuri chini. Sikujua kwamba ulikiongezea matofali.

Ungependa kujua walisemaje. Walisema kila kitu. Hiyo filamu mpya inamweleza mwuaji tangu utotoni: alivyonyimwa chakula, alivyochekwa shuleni. Mama Risper akavumilia, akavumilia, kisha akasema, "Yawa, huyu anatueleza maisha yake kama anaomba kazi. Si aue tu, jua linazama!" Msichana mmoja wa kwenye filamu akainua simu akalia kwamba hakuna mtandao, na banda zima likampa ushauri mmoja wa laini ya kununua, wenye jina la kampuni ambalo sitaliandika hapa. Salim, aliyeacha cherehani yake kwa heshima yako, alilikagua gunia la usoni kwa jicho la kazi. "Hilo limekunjwa pindo," akatangaza. "Tena pindo mara mbili. Mwuaji gani ana muda wa kukunja pindo?" Baada ya hapo hakuna aliyemwogopa tena mtu yule. Kila alipotokea kizani, mtu mmoja alipaza sauti: "Fundi amefika!"

Vijana wa nyuma waliitetea. Walisema picha imekolea, mayowe ni ya kweli, ile ya zamani ilikuwa na damu kama juisi. Mzee mmoja akawageukia: "Juisi, lakini tulimlilia kila aliyekufa. Hawa wanakufa tu, mimi sijui jina la hata mmoja." Wanjiru akaandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari.

Na mimi nilitafsiri. Nilitafsiri kwa uaminifu, neno kwa neno, kwa Kiswahili ambacho mwalimu yeyote angekisifu. Waliniacha kidogo, kwa huruma, kisha Mama Risper akageuka nusu. "Nyathina, unatusomea katiba?"

Mwisho ulikuwa ukikaribia. Msichana wa mwisho, ambaye safari hii amevaa koti la ngozi, alianza kukimbia kuelekea mlangoni, na wote wa mbele wakainuka kidogo kutoka kwenye mabenchi. Mwanga ukamgusa. Mundu ukashuka. Nikasema kwenye maikrofoni kile skrini ilichosema: "Amekufa."

Waliokuwa wameinuka wakarudi kuketi.

Nilifumba macho, Baba. Nilisubiri mtu aseme kwamba ulikuwa mwongo.

"Nani amekufa?" Mama Risper akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepewa chenji isiyo yake. "Atieno? Akoth, baba yako alikuwa hafiki hapo. Hapo ndipo kanda ilikatika."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo makomredi wangu hawajawahi kuisikia, kama walijua. Akacheka hadi akashika benchi. "Kwani wewe ulikuwa unafikiria sisi tunaangalia nini? Skrini inakuwa buluu tupu, watu wazima wamekaa! Sisi si vipofu."

Salim ndiye aliyenipa yaliyobaki, amesimama, kofia mkononi. Deki ilitafuna mwisho wa kanda wiki ile ya kwanza. Ulikuwa umeuonyesha mara moja tu, na watu wakaondoka bila kuagana. Kanda ilipotafunwa ulikwenda kwake ukaazima mkasi, ukakata kile kipande kilichokunjamana, ukasema, "Salim, mashine imenisaidia." Tangu siku hiyo, skrini ilipogeuka buluu, uliiweka maikrofoni chini. Ulisogea hadi benchi la mbele ukauliza kwa sauti yako ya kawaida, "Haya. Atieno yuko mlangoni. Apite wapi?"

Nao wakakujibu kwa sauti za chini, kama watu wa kikao. Kila juma kwa njia yake. Mwanamke ambaye mumewe alizama alitaka Atieno avuke mto akiwa mzima, ukamvusha Sondu, maji yakiwa yamemfika kifuani. Mwaka ambao watu walibomolewa nyumba, walitaka Bwana Meneja afungiwe ndani na funguo zitupwe ziwani. Mkishakubaliana ndipo uliporudi kwenye maikrofoni ukausimulia mwisho huo kwa sauti kubwa.

Hicho ndicho kile kimya kirefu nilichokisikia nyuma ya mabati. Nilikichukua kuwa sehemu ya filamu. Kumbe wakati huo mlikuwa mnashauriana.

Katika banda zima, aliyedanganyika alikuwa mtu mmoja, na ndiye pekee aliyekuwa na kadi ya maktaba. Nilipolielewa hilo nilicheka, Baba, kisha nikalia, kisha nikashindwa kujua ninafanya kipi. Uzito wa miezi minane ulinitoka mgongoni palepale, mbele za watu, na Mama Risper akanipa ncha ya leso yake inayonuka omena nikajifuta. Hukumdanganya mtu. Uliwaita kwenye kikao kila Jumapili, ukawauliza, ukatii. Mimi nimeongoza mikutano kwa miaka miwili. Nimeuliza maswali mengi ambayo majibu yake nilikuwa nayo mfukoni. Sijawahi kuweka maikrofoni chini.

Niliiweka. Wanjiru aliifunika lenzi kwa kiganja. Nikaenda benchi la mbele nikasema, na ulimi ukiwa mzito kama wa mtoto wa darasa la kwanza, "Haya. Atieno yuko mlangoni."

Ungewasikia! "Kwanza mpe viatu, huyo ametembea peku." "Asipite barabarani, apite kwa majirani." Kijana wa nyuma, yule yule aliyeisifu damu, akataka arudi kuwachukua wenzake watano, kwa kuwa katika filamu mpya hakuna aliyejua majina yao. Mzee akasema maiti hawarudiwi. Kijana akasema wanarudiwa, wanazikwa. Hapo banda likagawanyika sawasawa, Wanjiru akapeleka daftari lake mbele, Salim akasema hata Bwana Meneja anahitaji kuzikwa, Mama Risper akamwambia azikwe na pindo lake. Hadi tunafunga mlango hatukuwa tumeafikiana. Nilirudi nyumbani nikala ugali sahani mbili. Mama alinitazama akasema nimeanza kufanana na wewe ninapotafuna.

Kwa hiyo kwaheri, Baba. Naiandika kwa moyo mwepesi kuliko nilivyotarajia. Sikuombi msamaha kwa ile hotuba ya ngazini, maana ulinisamehe siku ile ile ulipoendelea kula. Ninakuahidi kitu kimoja: kabla sijawaambia watu filamu yao inaishaje, nitawauliza. Na kama watanitangulia, nitafuata.

Atieno bado yuko mlangoni. Kikao kijacho ni Jumapili, saa tisa alasiri, bandani kwako. Akina mama mbele, wachambuzi nyuma.

Nami nitakuwa nimeketi ndani.

Bintiyo,
Akoth