Alivyotembea Koku

Mjukuu wangu Mugisha,

Huku Ijuganyondo tu wazima. Bibi yako anawasifia kwa majirani wale wachezaji wa katuni uliowachora kwa ajili ya matangazo ya mpira kwenye runinga.

Umeniuliza kama ni vibaya kumfanya yule mwanamuziki aliyefariki atembee kwenye video ya wimbo wake, maana ukianza kumchora unaingiwa na hofu.

Miaka ile ya UKIMWI tulimzika dada yangu Koku kule Kagoma. Tukiwa matangani, tumekaa juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni, mdogo wetu akauliza Koku alikuwaje kabla hajaugua. Tuliogopa, kwa sababu sote tulimkumbuka akiwa kitandani tu. Ndipo mama akainuka, akajitwika kikapu, akatembea kama Koku, bega moja chini, hata nyasi zikasikika kama anazikanyaga yeye. Nilishika koti la baba. Lakini tangu siku ile, nikimkumbuka Koku, anatembea.

Kabla hujachora, nenda kwa mama wa huyo mwanamuziki. Mwombe akuonyeshe mwanawe alivyotembea. Utaogopa sana, ila usiangalie pembeni.

Babu yako