Abang Asikae Kabla ya Agosti

Jumanne, 3 Juni 2025

Dau amenipiga tena. Mkanda, upande wa chuma. Paja limevimba, cherehani siwezi kuikanyaga, basi naandika.

Chanzo ni kaka yake. Chol alikuja kunywa chai, akaanza kuhesabu vidole mbele yangu. Dau alirudi hapa kambini kutoka kwao Bor mwezi wa tano mwaka jana. Mapacha wetu wakazaliwa Novemba. Hata miezi saba haijatimia! Na mimba ni miezi tisa. "Sasa hiyo ingine ilitoka wapi?"

Ilitoka wapi! Walizaliwa kabla ya wakati wao, ndiko ilikotoka! Dau mwenyewe alikuwa hospitalini Lodwar. Alimbeba Abang kifuani, ngozi kwa ngozi, wiki baada ya wiki, mimi nikiwa na pacha wake Dut. Kichwa cha Abang kilienea kwenye kiganja chake. Alikuwa anamwimbia nyimbo za ng'ombe mpaka wamama wengine wakawa wanacheka. Leo anasema mapacha wote huzaliwa wadogo, na hospitali huandika lolote. Maneno si yake. Ni ya Chol. Kazi yake yeye ni kuyarudia na kuvua mkanda.

Nilimrushia sufuria. Ilimpata sikioni. Sijuti.

Alhamisi, 5 Juni

Kliniki. Nesi Atiir ameliona paja, akanipa vidonge.

Nilikuwa na hofu nyingine. Wana miezi sita na hawakai! Dut shingo ndiyo kwanza imekaza. Mtoto wa jirani, wa mwezi uleule, anakaa kama chifu barazani. Atiir akacheka. Akasema nisihesabu tangu siku waliyozaliwa, nihesabu tangu siku waliyotakiwa kuzaliwa, mwanzoni mwa Februari. Huo ndio umri uliorekebishwa. Kwa hiyo wana miezi minne tu, na kwa miezi minne wako sawa kabisa. Kukaa tutarajie Agosti hivi. Akaongeza kwamba kila mtoto ana yake, wengine huwahi, wengine huchelewa.

Hilo la mwisho limeingia sikio hili likatokea lile. Nimetoka pale nataka kuruka! Kuchelewa kwao ndiko kunakonitetea. Wangekuwa wa miezi tisa wangekaa kama yule wa jirani. Hawakai kwa sababu ni wa Dau. Nitamwambia Chol usoni.

Jumapili, 8 Juni

Nimesema. Baada ya kanisa, ukoo wao wote umejaa uani kwetu. Nikasimama, nikaeleza yote kama mwalimu: Februari, miezi minne, Agosti. Chol akasikiliza bila kunikatiza. Nilipaswa kujua hapo hapo!

"Sawa," akasema. "Wewe mwenyewe umesema Agosti. Wakikaa kabla ya Agosti, hiyo ni watoto ya miezi tisa. Si ya Dau. Kalas, imeisha."

Nikasema, ngoja, nesi alisema pia kila mtoto ana yake — wakanizomea. Usibadilishe maneno, mama mapacha! Baba yao mkubwa Ayuen anakuja mwezi ujao kutoka Juba, na yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Watoto watawekwa kwenye mkeka mbele yake. Wakionekana si wa Dau, natoka nao bila jina wala ukoo, na Chol nyuma yetu na fimbo mpaka barabara ya lami. Aliposema fimbo alitabasamu.

Dau alikuwa anatazama viatu vyake.

Mdomo uliponza kichwa. Lakini hapa vichwa ni vitatu.

Jumamosi, 14 Juni

Wiki ya amani. Dut amejigeuza! Abang anakamata vidole vya miguu na kuvila.

Alhamisi, 19 Juni

Vita na mama mkwe.

Nimetoka kuchota maji, nakuta Mama Nyariek amechimba vishimo viwili kwenye mchanga, chini ya kivuli cha turubai. Ametandika khanga, amewatia wanangu humo mpaka kiunoni. Ndivyo alivyowakalisha wote aliowazaa, Dau na Chol wakiwemo. Dut analalia ukingo, mate yanamtoka. Abang yuko wima, anapiga mchanga kwa viganja, anacheka!

Nikamwambia atawaponza watoto. Akasema maneno ya Chol ni ya walevi, yeye hayajui, yeye anataka wajukuu wake wakae kama watu. "Hii msichana iko na nguvu, Akai! Angalia mgongo!"

Nilikuwa nauangalia. Nikamng'oa Abang, nikaanza kufukia shimo kwa mguu. Mama akanipiga mwiko wa kichwa, mara mbili, damu ikaingia jichoni. Nikanyakua jembe. Nilikuwa nimelinyanyua kabisa, Mungu wangu. Nilimwona anajikinga uso kwa mikono yake mikavu, nikalitupa kwenye ukuta.

Huyu ndiye pekee hapa anayewapenda bila masharti. Nami nilitaka kumpasua.

Jumatatu, 23 Juni

Nani alimpigia kaka yangu simu? Lokiru ametoka Lodwar na kile kisu chetu cha duara kinachovaliwa mkononi kama bangili, ala yake ya ngozi imevuliwa. Ejok, hujambo, dada? Na kabla sijajibu kaniona uso. Akamfuata Chol dukani kwa Dau. Nilisikia chupa zinavunjika, nikakimbia na watoto wote wawili. Chol amechanwa kuanzia bega mpaka kiwiko, nyama ikafunguka nyeupe kabla damu haijaja. Lokiru jino limetoka. Vijana wa Kidinka wa kina Dau wakaokota mawe, wa kwetu wa Kiturkana waliokuwa wanauza makaa wakaokota fimbo, na mimi katikati nikipiga kelele kama mwendawazimu. Wazee wa pande zote wakatutenganisha.

Lokiru anasema twende Lodwar. Anasema mwanamume anayehesabu watoto wake ni wa kuachwa. Kweli tupu. Lakini nikiondoka leo nimekubali. Dut na Abang watakuwa watoto wa aibu hadi wazeeke, na mimi sijamwibia mtu kitu! Nikakataa. Akatema damu akaenda.

Jioni Chol, na bandeji yake, akaja kuivunja cherehani yangu kwa shoka.

Jumapili, 29 Juni

Abang amekaa.

Nilikuwa nakunja nguo. Nikageuka, yuko katikati ya mkeka, mkono mmoja chini, kisha hakuna mkono. Amekaa! Anatazama huku na huku, kama mtu aliyepanda kilima akaona ng'ombe wake wote.

Mama mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilitazama mlango. Hakuna mtu. Nikamlaza chini. Akainuka. Nikamlaza tena, kwa nguvu zaidi.

Februari, mwanangu. Wewe ulitakiwa kuzaliwa Februari. Una miezi mitano. Unaharakisha kwenda wapi?

Jumatano, 2 Julai

Namfunga mgongoni kutwa. Mama Nyariek anauliza mtoto ana nini, nasema homa. Miguu yake inanipiga mbavu.

Dut ndiye mtoto mzuri sasa. Nakaona kadhambi kangu: nikimwona anaanguka kama gunia, moyo unatulia. Mama gani huyu?

Ijumaa, 4 Julai

Dau ameongea nami. Alimchukua Dut, akamkalisha kwenye goti, Dut akapinda, akaanguka kifuani kwake. Dau akafurahi! Akasema, huyu bado kabisa. Akauliza na Abang? Nikasema bado. Akasema, "Ombea asikae, Akai. Mimi nataka hii watoto ikuwe yangu."

Nikamwambia ni wako, walikuwa wako hata kabla hujauliza. Wewe ulimbeba Abang kifuani! Nikasema pia yeye ni mwoga, anasubiri mgongo wa mtoto umwambie kama mkewe ni malaya. Hilo lilikuwa la kumeza. Kanikaba mpaka nikaona giza. Aliponiachia alikaa chini akalia, nami nikampiga teke la mdomo.

Jumamosi, 12 Julai

Ayuen amefika. Wanaume kama kumi uani, mbuzi amechinjwa, ubavu unachomwa. Mkeka umeshatandikwa katikati, namwona Chol akiunyoosha kwa mkono mzima. Lokiru yuko nje ya ua na vijana wake, wamesimama, hawakuingia. Neno moja tu likienda vibaya, hapa watazikwa watu.

Mimi niko ndani na watoto. Wakimaliza kula wataita.

Dut amelala. Abang amekaa kitandani, ananitazama. Nimemlaza. Amekaa. Nimemlaza, amegonga kichwa kwenye mbao, hakulia, amenikazia macho tu, kisha amekaa. Nimembana miguu kwa khanga. Amekaa nayo.

Nimemchapa. Pajani. Vidole vyangu vimebaki hapo, vyekundu. Amelia kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo imemwinua tena!

Sasa nimemlaza chali. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko kifuani mwake. Nje wamemaliza kula. Dau anaita mlangoni, taratibu, sauti ileile aliyomwimbia Abang Lodwar: Akai, leta watoto.

Abang ameitambua. Anacheka, anashika kidole changu gumba kwa mikono yote miwili na kukivuta ili ainuke. Nambana. Namsikia moyo chini ya kiganja. Nambana zaidi.