Esperanto Kwanza, Kimaasai Baadaye

Jumatatu, 1 Machi 1999
Kitengela. Somo la kumi na tisa la Esperanto, ile lugha iliyobuniwa Ulaya, limefika posta. Maneno ishirini kabla ya kazi, ishirini jioni. Kijitabu cha wanaonitumia masomo kinasema anayeanza na Esperanto hujifunza lugha nyingine yoyote kwa nusu ya muda. Mwaka mzima nimefuata mpango. Mahojiano ya kazi Kajiado ni tarehe 23, mradi wa maji ya mifugo. Wanataka mtu wa kuongea na wafugaji kwa Kimaasai. Nimechoka kuwa karani wa stoo ya saruji. Wiki tatu zinatosha kujifunza Kimaasai.

Jumatano, 10 Machi
Kimaasai hakifanani na Esperanto popote. Nimechora majedwali manne. Mke wangu Nafula na Mama Sein, anayetuletea maziwa, wanacheka mlangoni tangu saa moja. Kimaasai kitupu. Nafula hajawahi kushika daftari. Nimewaambia wakapigie kelele kwingine, nasoma. Nafula akasema:

"Baba Wekesa, si ukuje tu uongee na yeye? Haumi."

Nimekataa. Mambo kwa utaratibu.

Jumanne, 23 Machi
Kajiado. Aibu tupu. Mzee wa kamati alinisalimu kwa Kimaasai, nikajibu sawasawa. Akangoja habari: nilikotoka, mvua, ng'ombe, watoto. Kwao salamu bila habari haijaisha. Mimi nikaanza hotuba niliyokariri, ya mabomba. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akahamia Kiswahili, polepole, kama anayeongea na mgonjwa.

"Kijana, umesoma. Lakini hujaongea na mtu."

Wenzake wakacheka. Nilitamani kumtupia daftari.

Alhamisi, 25 Machi
Wamemchukua Mkikuyu mmoja, mama anayeuza sukuma wiki huko Kajiado. Fomu foo kama mimi. Kimaasai amekiokota sokoni, kwa wateja. Nawachukia walioandika kijitabu. Namchukia Nafula kwa kuwa hajanicheka. Najichukia zaidi.

Jumamosi, 3 Aprili
Kwa muuza vitabu vya mitumba nimeona kitabu cha Kifaransa. Nikafungua katikati. Sijawahi kusoma Kifaransa hata siku moja. Nimeelewa nusu ya ukurasa. Maneno yale ni ndugu wa Esperanto, neno kwa neno yananijua. Nimesimama juani muda mrefu.

Kwa hiyo inasaidia.

Nimekirudisha kitabu kwenye gunia. Hapa hakuna Mfaransa.